Wera ya Kiti na Ubao wa Kila Saa: Hivi Ndivyo Unaweza Kutuliza Njaa na Upunguze Kilo

Saa mbili unafika ofisi. Saa nne chai na mandazi mbili. Saa saba chapo madondo. Saa kumi jamaa wa smokie amepiga kambi nje ya geti na nyinyi watano mko kwa foleni. Saa moja usiku uko kwa mat, jam imeshika Waiyaki Way, na ubao umerudi kama mtu hajakula tangu azaliwe. Siku nzima umetembea kutoka kwa kiti hadi choo, na kutoka choo hadi kwa kiti. Suruali ya mwaka jana haifungi, na mbogi imeanza kukuita "mheshimiwa".

Wasee wengi wakifika hapo huamua moja kwa moja: kuanzia Jumatatu, hakuna kukula. Kufikia Jumatano jioni, msee yuko keja peke yake na chipo kuku ya kushiba watu wawili.

Hiyo haimaanishi wewe ni mlafi. Ukikaa, mwili unachoma nguvu kidogo, lakini njaa haipewi hiyo taarifa. Inaendelea kudai kama kawaida, na ukiipinga kwa nguvu inarudi na mabeste zake. Njia yenye inafanya kazi ni kuishughulikia: dishi yenye inashibisha, kwa wakati wake, na vishawishi vikae mbali na dawati lako.

Kwani kukaa kunachangia aje?

Mwaka wa 1956, mtafiti Jean Mayer na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 200 wa kiwanda cha juti huko West Bengal, India. Kulikuwa na wenye walibeba mizigo mizito siku nzima, na kulikuwa na makarani na wenye vibanda waliokuwa wanakaa tu. Ungedhani mtu wa kukaa atakula kidogo. Wapi! Wenye walikaa walikula karibu sawa na wabeba mizigo, na ndio walikuwa wazito kuliko wote. Wenye walikula kidogo zaidi ni wale wa kazi nyepesi, ya kusimama na kuzunguka zunguka.

London nayo, miaka ya 1950, daktari Jerry Morris aliwaangalia madere na makonda wa basi za ghorofa. Dere anakaa, konda anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Madere ndio walipatikana na ugonjwa wa moyo zaidi, na hata saizi za suruali zao za yunifomu zilionyesha viuno vikubwa. Basi moja, barabara moja, tofauti ni kiti.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima Kenya walikuwa na uzito wa kupita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Kwa hivyo hii stori si ya Wazungu, na si ya wenye pesa pekee. Ni ya teller, dere wa teksi, fundi wa nguo, mtu wa M-Pesa, na wewe mwenye unaandikia watu kazi za mtandao ukiwa kitandani.

Njaa hutoka wapi?

Kuna homoni inaitwa ghrelin, iligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka wa 1999. Inatoka sana kwa tumbo. Tumbo likiwa tupu inapanda, na inaambia ubongo "leta dishi". Ukishakula inashuka. Pia inazoea ratiba: kama kila siku saa nne unakula mandazi, saa nne itapanda hata kama breakfast ilikuwa nzito. Ndio maana ubao wa ofisi huja kwa saa kamili kama kengele ya shule.

Ya pili ni leptin, iligunduliwa mwaka wa 1994. Hii inatoka kwa mafuta ya mwili na inaambia ubongo "stoo iko poa". Ukijinyima sana, leptin inashuka, ubongo unaona stoo inaisha, na njaa inapanda. Sasa unajua kwa nini zile diet za kunywa maji na ndimu wiki mzima huisha na kilo zote kurudi.

Halafu kuna ile njaa yenye si ya tumbo. Ni ya macho, ya stresi, ama ya kuboeka. Kuitofautisha ni rahisi. Jiulize: "Saa hii nikipewa githeri plain ama yai la kuchemsha, ningekula?" Ukisema ndio, una njaa ya ukweli, kula. Ukisema hapana, nataka tu kitu ya kutafuna, hiyo ni stresi ya dedlaini. Simama, kunywa maji, tembea hadi kwa dirisha. Mara nyingi hiyo hamu hupita yenyewe ukiipatia dakika kumi.

Dishi ya kushibisha iko kwa kibanda

Hapa ndio mchezo wote uko. Mwaka wa 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipatia watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kikiwa na kalori 240. Halafu kwa masaa mawili wakawauliza kila dakika 15 wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ndio vingine vilinganishwe nao.

Unajua nani alibeba? Viazi vya kuchemsha. Waru! Alama 323. Samaki alipata 225, uji wa shayiri 209, machungwa 202, nyama ya ng'ombe 176, mayai 150. Viazi hivyo hivyo vikikaangwa vikawa chipo, vilianguka hadi 116. Donati, ambayo ni binamu wa mandazi, ilipata 68. Keki 65.

Soma hiyo tena. Kalori ni zile zile 240, lakini moja inakuacha umeshiba na nyingine inakuacha unaangalia geti kama mtu wa smokie amefika. Sababu ni tatu: protini, nyuzinyuzi na maji. Chakula chenye viko hivi vitu kinajaza tumbo na kinachukua muda kutoka. Chakula cha unga mweupe, sukari na mafuta kinaingia kidogo, kalori nyingi, na kinatoka haraka.

Sasa tuitafsiri kwa lugha ya kibandaski:

- Ndengu, madondo, minji, kunde. Protini na nyuzinyuzi pamoja, na bei haiumi. Hii ndio silaha ya kwanza ya mtu wa mshahara mdogo.
- Mayai boilo. Mawili asubuhi yatakupeleka mbali kuliko mandazi nne. Pasua uweke kachumbari.
- Omena na samaki. Protini kwa wingi. Omba tu isiogelee kwa mafuta.
- Waru, nduma na ngwaci za kuchemsha. Zina wanga, ndio, lakini zinashibisha. Shida huanza zikiingia kwa karai.
- Sukuma, kabeji, managu, terere. Jaza nusu ya sahani. Mwambie mathe wa kibanda, "Mum, niongezee mboga, punguza ugali." Wengi hawakatai, mboga si ghali.
- Matunda mazima. Chungwa, embe, tikiti, ndizi. Tunda la kutafuna linashibisha kuliko juisi yake.
- Mala na maziwa. Mala isiyo na sukari ni poa sana saa kumi.

Na mafuta? Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya protini ama wanga ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupika ni kama kalori 120. Si ati uyaogope, lakini stew yenye inang'aa juu kama dimbwi la gereji inabeba kalori zenye huzioni. Avokado ina mafuta pia, lakini ina nyuzinyuzi, kwa hivyo robo au nusu kwa sahani ni sawa.

Usizinywe kalori

Kalori za kunywa ndizo huteleza bila kusikika. Soda ya mililita 500 ina karibu gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. WHO inasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya kalori zako za siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja, na umepita mara mbili.

Halafu hesabu chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, hivyo ni vijiko tisa, karibu gramu 36. Usiache mara moja, utachukia maisha. Wiki hii toka vijiko vitatu hadi viwili, wiki ijayo kimoja na nusu. Ulimi huzoea.

Maji ndio rafiki wa bei nafuu. Utafiti mmoja wa Marekani, wa mwaka wa 2010, ulichukua watu wa umri wa makamo na wazee wenye walikuwa kwa diet. Wenye walikunywa mililita 500 za maji kabla ya kila mlo walipunguza karibu kilo 2 zaidi ya wenzao kwa wiki 12. Kilo mbili si maajabu, lakini ni maji tu. Weka chupa kwa dawati, na hapo saa saba kasoro imalize kabla utoke.

Vya paketi vinakuendesha

Mwaka wa 2019, Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya NIH, Marekani, waliweka watu 20 ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa. Milo ilipangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawa, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anataka. Wakiwa kwa vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na wakaongeza karibu kilo moja. Walikuwa pia wanakula haraka.

Somo kwa mtu wa ofisi: krisps, biskuti, soseji na smokie hazikai kwa droo yako. Kama iko karibu na mkono, mkono utaenda. Hama nazo. Ukitaka smokie, itabidi usimame, ushuke ngazi, ulipe. Mara tano utaamua kukaa, mara moja utaenda, na hiyo moja ufurahie bila kujilaumu.

Na usile ukiangalia skrini. Tumbo huchukua kama dakika 20 kupeleka habari ya kushiba kwa ubongo. Ukimaliza sahani kwa dakika sita ukiscroll TikTok, habari itafika ukiwa umeshaongeza chapo ya pili.

Lala, msee

Hii watu huipuuza sana. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana wa kiume 12 wenye afya. Baada ya usiku mbili za kulala masaa manne tu, ghrelin ilipanda asilimia 28, leptin ikashuka asilimia 18, na njaa ikaongezeka asilimia 24. Hamu kubwa ilikuwa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga.

Kwa hivyo ukikesha na series hadi saa nane, kesho yake chipo itakuita kwa jina. Kama unafanya shifti za usiku, mahali kama call centre ama ulinzi, beba dishi yako kutoka keja. Saa tisa usiku hakuna mtu anauza ndengu. Wako na vitu vya karai tu.

Kutembea pia, lakini usijidanganye

Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa anachoma kama kalori 120 hadi 150. Soda moja ya 500 ina kalori kama 200. Kwa hivyo kutembea peke yake hakutafuta kile mdomo umefanya. Lakini kunasaidia moyo, sukari ya damu, usingizi na stresi, na ukiwa unatembea huko mbali na droo.

WHO inapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Si lazima jimu. Shuka steji moja kabla ya yako. Panda ngazi badala ya lifti. Baada ya lunch, zunguka block dakika kumi kabla urudi kwa kiti. Simu ikilia, simama uongee ukitembea.

Njia za mkato zenye zitakumaliza

*Muguka, miraa na fegi.* Ni kweli zinaua njaa. Ndio maana wasee wengine husema "hiyo ndio diet yangu". Lakini miraa inapandisha presha, inafukuza usingizi na inaleta kukosa choo, na ikitoka mwilini, njaa yote inarudi. Sigara nayo hata haihitaji maelezo. Umepunguza kilo tatu ukanunua shida ya maisha.

*Vidonge na "chai za tumbo" za mtandao.* Chai nyingi za kupunguza tumbo zina dawa za kuharisha. Kile unapoteza ni maji na kinyesi, mafuta yako palepale. Kuna vidonge vibaya zaidi. Sibutramine, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, lakini imeendelea kupatikana ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zenye zinauzwa kama "za miti shamba". Kama paketi haisemi ndani kuna nini, usimeze.

*Sindano.* Ozempic na mabeste zake ni dawa za ukweli. Zinaiga homoni ya kushiba, na zina kazi yake kwa watu wenye kisukari ama unene mkubwa, chini ya daktari. Lakini Juni 2024 WHO ilitoa onyo kuhusu Ozempic feki zenye zilipatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama kule feki imeingia, fikiria ile unauziwa kwa DM na mtu hujawahi kumwona.

*Kuruka milo hadi usiku.* Kuna watu kufunga kwa masaa kunawafaa, sawa. Lakini kama ukiruka lunch unamalizia na sahani mbili saa nne usiku, hiyo si kufunga. Ni kuahirisha.

Siku moja ya mfano

- Asubuhi: mayai mawili, kipande cha nduma ama ngwaci, chai ya kijiko kimoja cha sukari.
- Saa nne: maji ama chai kavu. Ubao ukiwa wa ukweli, ndizi moja ama njugu za kujaa kiganja.
- Saa saba: maji kwanza. Halafu ndengu, mboga nusu ya sahani, chapo moja badala ya mbili. Kisha dakika kumi za kutembea.
- Saa kumi: chungwa, mala ama yai pasua. Hii usiiruke, ndio inakuokoa na ile njaa ya kwa jam.
- Usiku: ugali saizi ya ngumi yako, omena ama maharagwe, mboga tele.
- Saa nne ama saa tano: simu chini, macho chini.

Hesabu pia pesa. Andika kwa wiki moja kila kitu unanunua kati ya lunch na keja: smokie, soda, krisps, mandazi. Wengi hushtuka, maana hiyo hela inatosha kununua trei ya mayai na bado ubaki na fare.

Utajuaje inafanya kazi?

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Zaidi ya hapo, mara nyingi unapoteza maji na misuli. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ile ile. Chukua pia tepu ya fundi upime kiuno. Kwa wanaume, kupita sentimita 94 hatari inaanza, na 102 iko juu sana. Kwa wanawake ni 80 na 88.

Kuna wenye hawafai kuanza hii stori bila kuongea na daktari: mwenye anatumia dawa za kisukari, mwenye ana vidonda vya tumbo, mama mja mzito ama anayenyonyesha, na mtu mwenye tayari ni mwembamba lakini bado anajiona mnono. Huyo wa mwisho anahitaji mtu wa kuongea naye, na si mizani.

Na hii usiipite: kama njaa haiishi hata ukikula vizuri, una kiu kila saa, unakojoa sana, na kilo zinashuka zenyewe, usishangilie kwamba diet imejipa. Hizo ni dalili za kisukari. Nenda hospitali upimwe sukari wiki hiyo hiyo. Kipimo ni tone la damu kwa kidole.

Kwa wengine wetu, usibadilishe kila kitu kesho. Chagua kimoja wiki hii: sukari ya chai, ama mayai ya asubuhi, ama droo iwe tupu. Kikishazoeleka, ongeza kingine. Kiti hakiendi mahali, hata wera haijaisha. Lakini chenye kinaingia mdomoni ukiwa umekaa hapo, hicho ni chako kuamua.